Mke wa Karani wa Reli: Habari za Ugonjwa wa Kusahau na Wanawake

Kaa vizuri, maana habari ya leo ni ndefu kidogo, nayo inaanzia hapa hapa Pongwe, penye reli.

Mwaka 1894 Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walifungua kipande cha kwanza cha reli yao kutoka Tanga mjini mpaka Pongwe, maili tisa hivi. Mwaka 1896 reli ilifika Muheza, mwaka 1902 Korogwe, na mwaka 1905 Mombo. Utauliza, reli ina shauri gani na ugonjwa wa kusahau? Subiri kidogo. Miaka hiyo hiyo, huko kwao Ujerumani, alikuwako karani wa reli katika mji wa Frankfurt, jina lake Karl Deter. Huyu karani alikuwa na mke aitwaye Auguste. Bibi huyo alikuwa mtu mzima mwenye akili zake na nyumba yake, lakini alipofika miaka hamsini hivi akaanza kubadilika. Alimwonea mumewe wivu pasipo sababu. Alificha vitu, kisha asijue alipoviweka. Mapishi aliyoyajua tangu usichana yakamshinda. Mwezi wa Novemba 1901 alipelekwa hospitali ya magonjwa ya akili, akapokewa na daktari aliyeitwa Alois Alzheimer.

Daktari akamwuliza jina lake. Akajibu, Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Na mumeo anaitwaje? Akafikiri, akajibu tena, Auguste. Daktari akampa kalamu aandike jina lake kamili. Aliandika neno la kwanza, lile la "Bibi", na yaliyobaki yakampotea. Iweke akilini habari hii ya kalamu, tutairudia.

Auguste alikufa mwezi wa Aprili 1906, umri wake miaka 55. Daktari Alzheimer alikuwa amehamia mji wa Munich, lakini hakumsahau mgonjwa wake. Aliletewa ubongo, akaukata vipande vyembamba sana, akavipaka dawa yenye fedha, akavitazama kwa darubini. Aliona mambo mawili. La kwanza, madoa magumu yaliyotapakaa katikati ya chembe za ubongo. La pili, ndani ya chembe zenyewe, nyuzi zilizosokotana. Wewe mtu wa Pongwe umeuona mkonge: singa zikitoka mashineni zimenyooka zinauzika, zikifungamana hazifai kitu. Ndivyo zilivyokuwa nyuzi za ubongo wa bibi yule. Mwezi wa Novemba 1906 Alzheimer aliwasomea madaktari wenziwe habari hiyo katika mji wa Tübingen, na mwaka 1910 profesa mkubwa wa zama hizo, Emil Kraepelin, aliuandika ugonjwa huo katika kitabu chake kwa jina la Alzheimer. Jina la mgonjwa halikutajwa sana mpaka mwisho wa karne, faili lake lilipopatikana Frankfurt mwaka 1995.

Neno moja kabla ya kuendelea. Kusahau kwa wazee kuna sababu nyingi, na madaktari huzikusanya zote chini ya jina moja, dimenshia, yaani akili kupungua mpaka mtu ashindwe kujiendeshea maisha yake ya kila siku. Ugonjwa wa Alzheimer ndio mkubwa wao. Katika wagonjwa 100 wa dimenshia, hupata 60 mpaka 70. Unaofuata ni ule uletwao na mishipa ya damu iliyoharibika, aghalabu kwa presha na kiharusi. Mzee akisahau alipoweka miwani, huo ni uzee. Akiwa na miwani mkononi asijue ni kitu gani, huo ni ugonjwa.

Sasa turudi kwetu. Wakati Auguste yumo hospitalini Frankfurt, huku Usambara, juu ya Korogwe, palikuwa na mahali paitwapo Lutindi. Wamisheni wa Kijerumani walipafungua mwaka 1896 pawe makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wa namna hiyo walipopungua, makao yakageuzwa, na kufika mwaka 1905 yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza katika koloni lote la Wajerumani la Afrika Mashariki. Lutindi ipo mpaka leo, chini ya Kanisa la Kilutheri. Kwa hiyo mkoa wetu wa Tanga ulikuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili kabla ugonjwa wa Alzheimer haujapata jina. Baadaye Waingereza nao wakafungua ya kwao Dodoma, mwaka 1927, ndiyo Mirembe.

Je, bibi zetu waliosahau walipelekwa huko? Fikiri mwenyewe. Hospitali hizo zilipokea hasa watu waliosumbua barabara: aliyevunja, aliyepiga, aliyevua nguo sokoni, aliyekamatwa na askari. Wengi wao walikuwa wanaume, tena vijana. Mwanamke mzee anayeuliza swali moja mara ishirini hasumbui serikali. Humsumbua mkwewe na mjukuu wake, ndani ya ua. Watu waliona ni jambo la kawaida, wakasema amerejea utotoni, wakamwekea chakula na kumfungia mlango asitoke. Hakuna karani aliyemwandika katika daftari, na asiyeandikwa hahesabiwi.

Kutokana na madaftari hayo pungufu zikazaliwa elimu potofu. Jirani yetu Kenya, hospitali ya Mathari ya Nairobi ilisimamiwa tangu 1938 mpaka 1950 na daktari J. C. Carothers. Mwaka 1953 kitabu chake kilichapishwa na Shirika la Afya la Dunia. Alidai humo kwamba Mwafrika hautumii sawasawa ubongo wake wa mbele. Aliwatazama watu waliofungiwa hospitalini, akatoa hukumu juu ya bara zima! Madaktari Waafrika, miongoni mwao Thomas Lambo wa Nigeria, walimpinga, na elimu ya leo imeitupa kauli yake. Lakini iliacha kovu. Miaka mingi ilipita bila serikali kuona haja ya kuwatafuta wazee wanaosahau katika vijiji vya Afrika, kana kwamba hawapo.

Kazi ya kuwahesabu kwa haki ilianza Nigeria. Mwaka 1992 madaktari wa Ibadan wakishirikiana na wa Indianapolis, Marekani, walianza kuwapima wazee wa miji yote miwili kwa kipimo kimoja. Wale wa Ibadan walipata ugonjwa wa Alzheimer kwa kiasi kidogo kuliko Wamarekani weusi wa Indianapolis, lakini waliupata. Kwetu Tanzania ilisubiriwa mpaka 2010, katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Madaktari wa huko na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walikwenda nyumba kwa nyumba katika vijiji sita, wakawaona wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi. Hesabu ilipopangwa sawasawa kwa umri, katika kila wazee 100 walionekana 6 wenye dimenshia, na zaidi kidogo. Karibu nusu yao walikuwa na ugonjwa wa Alzheimer, na wawili katika watano walikuwa na ule wa mishipa ya damu. Waliohojiwa baadaye juu ya maradhi hayo, wengi waliona ni uzee tu. Wengine walitaja uchawi au laana.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye haki ya mwanamke. Kumpima mtu akili, unampimaje? Kipimo kinachojulikana zaidi duniani kilitungwa Marekani mwaka 1975. Mgonjwa huambiwa aandike sentensi. Huambiwa achore maumbo mawili ya pembe tano yaliyopandana. Huambiwa ahesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kutoa saba, na saba tena.

Tuseme yuko bibi wa Pongwe mwenye miaka 80. Alizaliwa zama za Waingereza. Kaka zake walikwenda shule, yeye akabaki kuteka maji na kulea wadogo zake, kama desturi ilivyokuwa. Mpe kalamu leo umwambie achore pembe tano. Hawezi, na hakuweza hata alipokuwa na miaka ishirini! Daktari mwenye haraka ataandika kwamba bibi huyu ana ugonjwa. Lakini mwulize korija tatu za nazi ni nazi ngapi, atakujibu sitini kabla hujafunga mdomo. Auguste alikuwa amejua kuandika, akasahau. Ndiyo maana kalamu ilimwonyesha daktari jambo la kweli. Kwa bibi yetu kalamu haionyeshi kitu isipokuwa shule aliyonyimwa. Na liko kosa la upande wa pili: daktari mwingine humwona hakusoma, akasema, ah, mama huyu ndivyo alivyo, ugonjwa ukampita machoni.

Waliofanya kazi Hai walilijua jambo hili, wakatunga kipimo kisichotaka kalamu. Mzee huambiwa maneno kumi ayakumbuke baada ya kitambo. Huulizwa ni siku gani leo. Hutaja majina ya wanyama kwa dakika moja, mengi kadiri awezavyo. Kisha huwekewa njiti za kibiriti mezani zimepangwa kwa namna fulani, naye azipange zake vile vile. Ufundi huu wa njiti ulitoka kwa madaktari wa Nigeria. Hakuna bibi asiyewahi kushika kibiriti. Mimi naiona kazi hii ya njiti kuwa kubwa kuliko mashine nyingi za hospitali, maana imeondoa dhuluma ambayo hata waliokuwa wakiitenda hawakuiona.

Lakini kunyimwa shule hakuharibu kipimo peke yake. Yako madhara mengine. Huko Marekani, mwaka 1986, mtaalamu David Snowdon alianza kuwafuata watawa wa kike wa Kikatoliki, 678, wote wenye miaka 75 au zaidi. Watawa wale walikula chakula kimoja na kuishi maisha ya namna moja. Baadhi yao walipoingia utawani, wakiwa wasichana wa miaka ishirini na kitu, waliandika habari za maisha yao, na karatasi zile zilihifadhiwa. Ikaonekana kwamba waliokuwa wameandika kwa fikra nyingi katika ujana wao hawakuugua sana walipozeeka. Wale wa fikra chache waliugua zaidi. Wataalamu husema akili iliyofanyishwa kazi mapema hujiwekea akiba, na ugonjwa ukija hukuta ghala halijawa tupu. Leo, katika sababu 14 zilizoorodheshwa mwaka 2024 na wataalamu wa gazeti la kiganga Lancet, elimu ndogo ya utotoni imo, pamoja na presha, kisukari, upweke, hewa chafu, na masikio na macho yasiyotibiwa. Walisema kama sababu hizo zote zingeondolewa, wagonjwa karibu 45 katika kila 100 wangekingwa au wangecheleweshwa kuugua.

Sasa pima mzani wa bibi zetu. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, 67 hawakujua kusoma, na wanawake walikuwa nyuma ya wanaume. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mama zetu walikwenda darasani jioni, mtoto mgongoni, wakashika kalamu kwa mara ya kwanza. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi kama hiki chako, wakachimba vyoo na kuondoa maji ya mbu. Mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi 39 katika 100. Siwezi kukuambia ni bibi wangapi waliokolewa akili zao na madarasa yale, maana hakuna aliyewapima. Lakini usimcheke mzee aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu.

Tena mwanamke anayo njia nyingine ya hatari ambayo mwanamume hanayo: uzazi. Huko Denmark madaktari walipitia habari za wanawake zaidi ya milioni moja waliozaa tangu 1978. Walioshikwa na presha kali ya ujauzito, ile mama ya kifafa cha mimba, walipata dimenshia ya mishipa ya damu zaidi ya mara tatu kuliko wenzao. Denmark kila mjamzito hupimwa presha. Kwetu zama za bibi zetu, nani aliwapima? Mtu alianguka kifafa, akapona kwa majaliwa, akarudi shambani, na presha ikabaki mwilini inatafuna mishipa kimya kimya. Mwaka 1996 na 1997 watu wa Ilala, Dar es Salaam, na wa kijiji cha Shari, Hai, walipopimwa, katika kila watano wenye presha mmoja tu, au pungufu yake, alijua kuwa anayo.

Watu wengine husema wanawake huugua zaidi kwa sababu huishi miaka mingi zaidi tu. Ni kweli kwa sehemu. Marekani, karibu theluthi mbili ya wenye ugonjwa wa Alzheimer ni wanawake, na umri ni sababu kubwa. Lakini kama umri ungekuwa sababu pekee, shule na presha zisingekuwa na neno. Zina neno.

Nimefika mahali pazito. Mwanamke mzee akibadilika, akitembea usiku, akiingia ua wa jirani asijue ni kwa nani, akisema peke yake, watu hunong'ona. Kwetu pwani tunasema ni mwanga. Katika nchi ya Wasukuma neno hilo limeua. Mtaalamu wa uchumi Edward Miguel alichunguza vijiji 67 vya Meatu, ambayo zamani ilikuwa mkoa wa Shinyanga na sasa ni Simiyu. Aliandika mwaka 2005 kwamba mvua inapokuwa nyingi mno au inapokosekana kabisa, mauaji ya wanaoitwa wachawi huongezeka mara mbili, na wanaouawa karibu wote ni wanawake wazee, aghalabu kwa mikono ya jamaa zao. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa alama ya uchawi. Macho yale ni ya moshi wa mafiga, wa kupika miaka sitini! Sisemi kila aliyeuawa alikuwa mgonjwa wa kusahau. Wengi walikuwa na akili zao timamu, na kosa lao ni umaskini na ujane na chakula walichokula nyumbani wakati wa njaa. Lakini mgonjwa wa kusahau hawezi kujitetea. Akiulizwa, wewe ulikuwa wapi usiku, hakumbuki. Wengine hukubali lolote waambiwalo. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, nayo haikumkinga.

Na mgonjwa akiwa salama nyumbani, nani anamtunza? Shirika la Afya la Dunia linasema katika kila saa 100 za kuwatunza wenye dimenshia, 70 hutolewa na wanawake. Binti anaacha biashara yake ya samaki. Mke wa mtoto anaamka mara nne usiku. Mjukuu wa kike anabakizwa nyumbani siku za shule, na hapo, msikilizaji, angalia: shule inanyimwa tena, katika nyumba ile ile, kwa ajili ya ugonjwa unaopenda wasiosoma. Wanaume wa kikundi hiki mnisamehe, lakini kumwogesha mama yako si kazi ya mkeo peke yake.

Dawa je? Dawa ya kuuondoa ugonjwa wa Alzheimer haijapatikana. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu dawa ya sindano iitwayo lecanemab, ambayo huupunguzia ugonjwa mwendo kidogo. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, na hutaka mashine za kupiga picha za ubongo. Hebu tuiache hiyo. Kule Hai walijaribu jambo la bei ya chini. Wazee 34 wenye dimenshia walikusanywa katika vikundi vidogo, mara mbili kwa juma, kwa majuma saba, wakizungumza na kushiriki michezo ya kuamsha fikra pamoja na muuguzi na mtaalamu. Akili zao zilionekana kuchangamka na wasiwasi ukapungua. Ukumbi wa kijiji na mikeka vinatosha.

Serikali nayo ina deni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwaahidi wazee matibabu, lakini mzee anayesahau hawezi kupanga mstari mwenyewe na kueleza ugonjwa wake, na aliyempeleka mara nyingi hajui kuwa kusahau ni ugonjwa wa kumwambia daktari. Zanzibar, tangu Aprili 2016, kila mwenye miaka 70 alianza kupewa pensheni, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule, bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Kwa bibi ambaye maisha yake yote alifanya kazi isiyo na mshahara, hilo si jambo dogo.

Sasa kazi ya kikundi. Kiongozi apange njiti nne za kibiriti juu ya meza, kila mtu ajaribu kuzifuatisha, mpate kuona kipimo kilivyo. Lakini msiende kumpima jirani na kumpa jina la ugonjwa, hiyo ni kazi ya mganga wa zahanati, ambaye naye akiona shaka atampeleka mzee hospitali ya Bombo. Kisha mzungumze juu ya neno hili: katika mtaa wenu, mzee akianza kupotea njia, nani huarifiwa kwanza, na huambiwa nini? Mwandishi aandike majibu yenu, ya wanawake na ya wanaume mbalimbali.

Somo lijalo ni juu ya presha ya ujauzito. Mwalikeni mkunga. Kila mama mwenye kadi yake ya zamani ya kliniki, hata iliyochakaa, aje nayo.